Ndiyo yetu ya heshima inavyotuponza mbele ya uhamiaji wa Marekani

Jumamosi moja tulikuwa chumba cha chini cha kanisa, watu kama kumi na wawili hivi, wengi wao walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, tunafanya mazoezi ya intavyuu ya uraia wa Marekani. Mimi ndo nilikuwa afisa, yaani naigiza. Mbele yangu kakaa mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, bahasha ya kaki kaiweka mapajani na kaishika kwa mikono miwili kama vile kuna mtu anataka kumnyang'anya. Nikamuuliza, "Mama, hujawahi kukamatwa na polisi, sio?" Akajibu fasta bila kusita, "Ndiyo mwanangu."

Mswahili yeyote kaelewa hapo. Ndiyo, ni kama unavyosema, sijawahi. Kwetu ndiyo inakubaliana na kauli ya anayeuliza, haijali kama kauli yenyewe ni ya kukanusha au la. Sasa mchukue huyo mama umpeleke ofisini kwa afisa wa kweli, ajibu "yes" kwa Kiingereza chake cha miaka mitano huku kichwa bado kinafikiri Kiswahili, au mwenzetu mwingine mwenye mkalimani wa kwenye simu, aliyechoka, yuko jimbo la mbali, anasikia ndiyo anarusha "yes" bila kufikiria. Afisa anaandika. Intavyuu iliyokuwa ya dakika ishirini inageuka kitu kingine kabisa, sasa mama anaulizwa alikamatwa lini, wapi, kesi iliishaje, na yeye anashangaa wanaongelea nini, na kushangaa kwenyewe kunaonekana kama anaficha.

Mimi si wakili, niliweke wazi hilo mapema. Natafsiri tu, miaka kadhaa sasa, hospitali, shule, kwa mawakili. Ila kwa kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana nimeanza kuona kitu ambacho vipeperushi vya "jua haki zako" havikisemi. Vipeperushi viko vingi sana sasa hivi, mpaka zile kadi nyekundu za kuweka kwenye pochi, zilizoandikwa haki zako mbele ya uhamiaji, zimeshatafsiriwa kwa lugha kibao, na watu wetu wanazo, ukiwauliza wanakusomea. Kwa hiyo sidhani kama shida kubwa ni kutojua. Shida ni kwamba haki nyingi za Marekani ni za mdomo, haki ipo kwenye katiba sawa, lakini inalala mpaka uitamke mwenyewe, kwa maneno yaliyonyooka, mbele ya mtu mwenye beji. Na sisi tumelelewa kwamba mbele ya mtu mwenye beji unatikisa kichwa, unasema ndiyo mkubwa, unaondoka.

Chukua hata hiyo haki ya kukaa kimya. Mtu akiisikia anadhani maana yake ni kunyamaza. Hapana bana. Kuna kesi iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2013, Salinas dhidi ya Texas, jamaa alienda mwenyewe kuhojiwa na polisi wa Houston kuhusu mauaji, akawa anajibu maswali vizuri tu, alafu walipomuuliza kama maganda ya risasi yaliyookotwa yangelingana na bunduki yake akanyamaza. Waendesha mashtaka wakautumia ule unyamavu dhidi yake, na mahakama ikakubali, kwa sababu hakusema kwamba anatumia haki yake. Kwa hiyo unatakiwa ufungue mdomo ili uwe kimya. "Natumia haki yangu ya kukaa kimya, nataka kuongea na wakili." Ukimweleza hivyo mzee wa miaka sitini kutoka Uvira, Kongo, anakucheka, anaona ni kiburi tu hicho, kumwambia mkubwa usoni kwamba sitajibu.

Alafu fikiria huyo mzee kafikaje Marekani. Kambini alihojiwa na UNHCR. Baadae akahojiwa na watu wanaoandaa faili za kwenda Marekani, baadae tena afisa wa Marekani mwenyewe akaja kumhoji, na kila mara hadithi ni ile ile, nani alikufa, alikufa vipi, mlikimbia usiku au mchana, mlivuka ziwa na mtumbwi wa nani. Miaka inapita kati ya intavyuu moja na nyingine. Waliojibu vizuri, wote, bila kuchoka, ndo walipanda ndege. Huyu mtu maisha yake yameokolewa na kujibu maswali, leo unampa kadi nyekundu unamwambia usijibu. Haiingii akilini, na wala sio ujinga, ni uzoefu wake unamwambia tofauti.

Na ukweli ni kwamba uzoefu wake hauko mbali sana na sheria, ndo maana ile kauli ya jumla ya "usiongee na uhamiaji" siipendi. Uhamiaji sio chumba kimoja. Ukiitwa USCIS, ofisi inayoshughulikia maombi, kwa ajili ya grinkadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) au uraia, wewe ndo umeomba kitu, unatakiwa ujibu na ujibu ukweli, ukikaa kimya pale umezamisha maombi yako mwenyewe. ICE, wale maafisa wanaokamata na kuondoa watu nchini, wakigonga mlango asubuhi, au wakikusimamisha parkingi ya dukani, hapo hukuomba chochote, wao ndo wanatafuta kitu kwako, na unachosema kinaweza kuwa ushahidi wote walionao. Mtu yule yule, wizara ile ile ya usalama wa ndani, ila mlango mmoja unaongea na mwingine unaongea sentensi moja tu alafu basi. Nimekutana na kijana aliyekataa kujibu maswali kwenye intavyuu ya grinkadi yake, katulia kabisa anajua yuko vizuri, eti video ilisema. Ilibidi wakili ahangaike sana.

Sasa juu ya hapo weka mabadiliko. Mwaka 2025 ulianza na amri ya Januari 20 ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, watu waliokuwa wameshauza magodoro yao kambini wakabaki wamekaa chini. Siku hizo hizo ukaondolewa ule mwongozo uliokuwa unawazuia maafisa kufanya operesheni makanisani, mashuleni na mahospitalini. Juni likaja tangazo la kuzuia watu kuingia Marekani, wa nchi 12 kabisa na nchi 7 kwa sehemu, Burundi ikiwemo kwenye hizo za sehemu, na hapo ndo niliona jinsi voisi za WhatsApp zinavyoweza kuua mtu kwa presha. Maana kwenye orodha kulikuwa na Kongo. Voisi zikaruka, Kongo imefungwa, Wakongomani wote tunarudishwa, kuna dada alinipigia saa tano usiku analia, anauliza auze gari au asubiri. Kongo iliyotajwa ilikuwa Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville. Yeye ni wa Fizi, Kongo ile nyingine, ya Kinshasa. Na hata ingekuwa Kongo yake, ana grinkadi, na tangazo lenyewe lilisema wenye grinkadi hawahusiki. Desemba orodha ikaongezwa, safari hii Tanzania nayo ikaingia kwenye sehemu, kuanzia Januari 1, 2026, viza za kuhamia, za utalii na za wanafunzi, na Watanzania waliokuwa wanawacheka wenzao nao wakaanza kutumiana voisi. Viza zilizokuwa zimeshatolewa tangazo halikuzifuta, ila hiyo sentensi haikuwa kwenye voisi hata moja niliyosikia.

Kwa hiyo kabla ya haki yoyote mimi huwa namuuliza mtu, wewe ni karatasi gani? Uliingia kama mkimbizi, una grinkadi, unasubiri kesi ya hifadhi, ulikuja na viza ya shule ikaisha, ulivuka mpaka wa kusini? Utashangaa wangapi hawajui. Wanajua wana "makaratasi". Kaa nao uifungue ile bahasha, utakuta kadi ya kazi iliyokwisha, utakuta wito wa mahakama wa NTA haujafunguliwa hata na kisu, utakuta tarehe ya kuzaliwa 01/01 kama nusu ya kambi nzima. Kila karatasi ina haki zake na tarehe zake. Mwenye grinkadi wa miaka 18 na kuendelea sheria inamtaka atembee nayo, wengi wanaiacha nyumbani isipotee. Anayeomba hifadhi ana mwaka mmoja tangu aingie nchini kupeleka fomu ya I-589, ikipita hapo anahitaji sababu maalum. Asiye na kitu anatakiwa awe na uthibitisho kwamba amekaa Marekani zaidi ya miaka miwili, mkataba wa nyumba, bili ya umeme, barua ya shule ya mtoto, kwa sababu Januari 2025 serikali ilitangaza kuondoa watu haraka haraka bila jaji nchi nzima kwa wasioweza kuonyesha hiyo miaka miwili, mahakama zikaingia kati na mvutano ukaendelea, ila mvutano wa mahakamani hauonekani kwenye kiti cha nyuma cha gari ya ICE, bili ya umeme inaonekana.

Mlangoni nako kuna mambo. Wengi wanajua kwamba waranti inayomruhusu afisa kuingia nyumbani kwako ni ile iliyosainiwa na jaji wa mahakama, na kwamba ICE mara nyingi wanakuja na ya kwao wenyewe, fomu ya I-200 au I-205, iliyosainiwa na afisa wao. Unaomba waipitishe chini ya mlango au waiweke dirishani, unaangalia jina la mahakama, saini ya nani, anwani ni ya kwako kweli. Huo ndo ushauri wa miaka yote. Alafu Januari 2026 ikatoka habari ya waraka wa ndani wa ICE, wa Mei 2025, unaowaambia maafisa kwamba I-205 inatosha kuingia kwa nguvu kwa mtu ambaye tayari ana amri ya mwisho ya kuondolewa. Mawakili wakasema hiyo inagongana moja kwa moja na Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayolinda nyumba ya mtu isiingiliwe na kupekuliwa ovyo. Watu wakaniuliza, sasa si bora tufungue tu? Hapana. Usipofungua na ukasema kwa sauti "sikubali muingie", wakaingia kwa nguvu, wakili wako ana kitu cha kupeleka kwa jaji. Ukifungua na kusema karibuni, ambalo kwa Mswahili linatoka lenyewe kabla hujafikiri, umewaruhusu wewe. Hilo neno karibu, mtu akigonga tu, limeshatoka. Ilibidi nyumba moja wabandike karatasi nyuma ya mlango imeandikwa USISEME KARIBU, watoto wanaona ni kichekesho. Na usisukumane nao, usikimbie, ukigusa mkono wa afisa umejitengenezea kesi nyingine ya jinai.

Kuna sehemu moja ambapo mdomo ndo kila kitu kabisa. Ukiwa mikononi mwao na unaogopa kurudishwa, lazima useme unaogopa. Siku hizi wanaweza wasikupeleke nchi yako, wanakupeleka nchi ya tatu. Julai 2025 watu watano walishushwa Eswatini ambako sio kwao. Agosti Rwanda ikasema imekubali kupokea mpaka watu 250, na Uganda nayo ikatangaza makubaliano. Mahakama Kuu ilishairuhusu serikali iendelee wakati kesi ya kupinga hilo inazunguka, na waraka wa ICE wa Julai 9 ukasema taarifa inaweza kuwa ya saa 24 tu, na kwenye dharura hata saa 6, na afisa halazimiki kukuuliza kama unaogopa huko unakopelekwa. Halazimiki kuuliza. Wewe ndo useme. Mkongomani wa Kivu akiambiwa ndege inaenda Kigali anaweza kuwa na mambo mengi sana ya kusema, lakini nimeshakaa na watu wa aina hiyo, ukimuuliza "uko sawa?" anajibu "niko sawa tu, Mungu anasaidia." Kwetu hiyo ni salamu. Kwenye faili ni jibu.

Na ndo tunarudi kwa ile ndiyo. Jaji anauliza, umeelewa? Nani kwetu anamwambia jaji hapana sijaelewa, rudia? Mtu anatikisa kichwa, ndiyo mheshimiwa, rekodi inaandikwa ameelewa, na siku ya rufaa huwezi kuifuta. Mahakama ya uhamiaji haikupi wakili wa bure, sheria inasema una haki ya wakili ila serikali hailipi, ila mkalimani wanalipa wao, na una haki ya kusema huyu mkalimani simuelewi. Hiyo haki karibu hakuna anayeitumia, maana inaonekana ni kumuaibisha mwenzako. Mbembe wa Kongo kaletewa Kiswahili cha Nairobi, mkalimani anasikia "posho" anafikiria ugali au hela ya safari wakati mwenzake anamaanisha wiki, na wote wawili wanaendelea kwa adabu kabisa kama hakuna kilichotokea.

Kiswahili chenyewe kina mitego ambayo hata mkalimani mzuri anaiingia. "Alikuja usiku akanipiga", Kiingereza kinataka kujua ni mwanaume au mwanamke, sisi "a" yetu haina habari hiyo, mkalimani anachagua, leo kasema mwanaume, mwezi ujao mkalimani mwingine kasema mwanamke. Tangu sheria ya mwaka 2005 jaji anaweza kukuhesabia uongo kwa kutofautiana kokote, hata kama hakugusi kiini cha madai yako. Na ndugu je? Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yangu, basi, imeisha, nani anasema "mtoto wa kaka wa baba yangu"? Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wa P-3 wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo vya DNA vilivyoanzia Nairobi kuonyesha watu wengi hawana undugu wa damu waliouandika, na ukarudishwa 2012 kwa masharti ya DNA. Waongo walikuwepo, sikatai, tunawajua. Ila walikuwepo pia waliomlea mtoto wa marehemu dada yao tangu ana wiki mbili, fomu ikauliza "mtoto wako?" wakasema ndiyo.

Ndiyo nyingine mbaya zaidi iko pale wanapotoa leseni za udereva. Kuna sheria ya mwaka 1993 inayotaka ofisi za leseni ziwape watu nafasi ya kujiandikisha kupiga kura, kwa hiyo karani anauliza haraka haraka huku anaangalia kompyuta, unataka kuchangia viungo, unataka kujiandikisha kura, na mtu wetu hajui anaulizwa nini ila hataki kumchelewesha dada wa watu, anasema yes, yes, anasaini. Kasaini kwamba yeye ni raia wa Marekani. Kudai uraia usio wako ni moja ya makosa magumu kuliko yote kwenye sheria ya uhamiaji, mtu anaweza kuwa na grinkadi miaka kumi, hana hata tiketi ya spidi, alafu siku ya intavyuu ya uraia jina lake linatoka kwenye daftari la wapiga kura. Mtu asipoelewa swali pale aseme hapana, au aseme "mimi sio raia", maneno matatu, yanaokoa nyumba nzima.

Kuna hili la saa pia, wengi wanalichukulia utani. Familia moja ilipata barua ya mahakama, 8:30 asubuhi, tarehe 03/04. Baba hasomi Kiingereza, akampa binti yake wa darasa la saba, aliyekulia huku, Kiswahili chake ni cha kutafsiri kutoka Kiingereza. Binti akasoma, "Baba, saa nane na nusu." Baba, mtu wa Kigoma, saa nane na nusu kwake ni mchana baada ya chakula. Na tarehe tatu mwezi wa nne, si ndo ilivyoandikwa? Wamarekani wanaanza na mwezi. Ilikuwa Machi nne. Kwa hiyo ilikuwa mwezi mzima na masaa sita ya makosa ndani ya karatasi moja, na hakuna aliyedanganya, hakuna mjinga, kila mmoja kasoma sawasawa kwa alivyofundishwa. Usipotokea jaji anaweza kutoa amri ya kuondolewa bila wewe kuwepo. Wao walibahatika, shangazi mtu aliiona ile barua kwenye friji wiki moja kabla. Ukikosa una siku 180 za kuomba kesi ifunguliwe kama una sababu nzito, na kama wito haukukufikia kihalali unaweza kuomba muda wowote, lakini hiyo ni vita, na wakili anataka hela. Bora upige namba ya mahakama, 1-800-898-7180, ni mashine, inaongea Kiingereza na Kispanish, unaingiza A-namba yako, ile namba ya faili lako la uhamiaji inayoanza na A, inakutajia tarehe. Fanya kila wiki kama unavyoangalia salio. Na ukihama, kubadilisha anwani posta hakuwaambii mahakama kitu, mahakama ya uhamiaji inataka fomu yake ndani ya siku 5, USCIS nao wanataka ya kwao ndani ya siku 10.

Kaka wa fomu nisimsahau. Kila mji anao, anakujazia I-589 sebuleni kwake kwa dola mia kadhaa, mtu mkarimu, anakuwekea na chai. Hadithi anayoandika ni ile ile aliyomwandikia jirani yako. Nina kipimo kimoja tu, mwambie asaini kwenye sehemu ya mwandaaji, kila fomu inayo. Akikataa, akisema "hiyo haina umuhimu", chukua bahasha yako uondoke, maana uongo wowote mle umesainiwa na wewe kwa kiapo. Na sio lazima wakili wa bei mbaya, kuna wawakilishi waliothibitishwa na Wizara ya Sheria, sio mawakili lakini wanaruhusiwa kisheria, wengi wako kwenye mashirika yasiyo ya faida, orodha iko kwenye tovuti ya wizara. Kaka wa fomu pia ndo chanzo cha ushauri uliochacha. Alikuwa anaambia watu kuomba hifadhi ni bure, na ilikuwa bure kweli, mpaka sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ikaweka dola 100 ya kupeleka fomu na dola 100 nyingine kila mwaka kesi ikiwa bado inasubiri. Voisi yake ya 2022 bado inazunguka.

Wapo wenzetu watasema haya yote ya nini, usipofanya kosa huna cha kuogopa, na wanaoongea hivyo mara nyingi wana paspoti ya bluu ya Marekani tayari. Sibishani nao sana. Ila mwaka 1886, kwenye kesi ya Yick Wo, Mchina wa San Francisco mwenye duka lake la kufulia nguo, Mahakama Kuu ilisema ulinzi wa Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, yanayotaka sheria iwalinde watu sawasawa, ni wa kila mtu aliyepo kwenye ardhi ya Marekani, haikusema raia. Hilo neno "mtu" ndo tunaloishi nalo. Na niliowaona wameumia mikononi mwangu hawakuwa wahalifu, walikuwa watu wenye adabu.

Kwa hiyo pale kanisani tumeacha kugawa makaratasi, au tunagawa ila hatuyasomi. Tunagonga mlango. Kweli, mmoja anatoka nje anagonga kwa nguvu, walio ndani wanafanya mazoezi ya kutosema karibu. Tunafanya mahakama, tunafanya dirisha la leseni. Sheria yetu ni moja, hakuna kujibu neno moja, kila jibu ni sentensi nzima. "Sijawahi kukamatwa." "Sijaelewa swali, naomba urudie." "Naogopa kurudishwa Burundi." Wazee mwanzo wanaona tabu, sauti inakuwa ndogo kama wanaomba msamaha, na kweli wengine wanaanza na samahani, ambayo nayo ikitafsiriwa vibaya inakuwa kama umekiri kosa, tunaifuta. Watoto wanaowatafsiria wazazi tunawafundisha kuandika mwezi kwa herufi na kusema "asubuhi" au "mchana" kabla ya saa yoyote.

Yule mama wa bahasha alikuja Jumamosi nne mfululizo. Ya mwisho alinijibu maswali yote na mgongo umenyooka, sijawahi, sijawahi, sijafanya, mpaka mimi nikawa naona aibu kwa niaba ya serikali. Tulipomaliza akafungua hotpoti, akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, wewe hujala tangu asubuhi, eti?"

Nikamwambia, "Ndiyo mama."

Akafunga kifuniko. "Sentensi nzima."